Wakili wa Tabora anayeishi porini, kwa kesi za mashamba namkubali

Nyie wenye mashamba Sikonge na huko pembeni mnaoulizaga wakili gani Tabora mjini hana longolongo, mi nasema nendeni kwa huyu mzee mwenye ofisi ndogo jirani na soko, jina siweki ila ukiuliza wakili mfugaji nyuki utaonyeshwa. Sisi ugomvi ulikuwa mpaka wa shamba la marehemu baba, jirani kasogea mpaka kavuka mninga wa mpakani, na kuna kishoka alishataka tumpe hela afungue kesi moja kwa moja baraza la ardhi la wilaya. Mzee akatwambia acheni, itatupwa hiyo, lazima mpite baraza la kata kwanza, na tangu sheria ibadilishwe 2021 kata haihukumu tena inasuluhisha tu, wakishindwa ndo mnaandikiwa muende wilayani, na siku 30 zikipita bila suluhu mnaweza kwenda hata bila hiyo karatasi. Tena kule kata wakili haruhusiwi kuwasimamia, kwahiyo hapo hakuwa na ulaji wowote, angeweza kunyamaza tukaliwa.

Kilichonigusa zaidi alikuja shambani mwenyewe. Yule anaishi kwenye miombo kabisa, maji ya kisima, sola, mizinga juu ya miti, sasa mzee wa kijiji akimwambia mpaka unaanzia kwenye ule mti wa mtundu uliobanduliwa gome la kutengenezea mzinga haulizi mtundu ndo nini, anaenda anashika kovu. Wazee wakaongea Kinyamwezi chao, akaandika ya kila mmoja akawasomea palepale. Kata tukaelewana na jirani, tukapanda minyaa mpakani, halafu akatusukuma tufuatilie hati ya kimila ile ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na akang'ang'ania jina la mama liwemo, hapo bi mkubwa alilia.

Mikutano ya kijiji anakaa nyuma na wananchi wengine, wajane wenye mambo ya mirathi anawaelekeza bure.

Kasoro ni simu. Msimu wa kurina asali anazama porini network hakuna, mwenye tarehe ya kesi karibu atateseka, aweke karani ofisini jamani. Bei anataja mwanzoni na risiti anatoa.

Mkienda bebeni muhtasari wa kikao cha kijiji kilichowagawia shamba, na mzee mmoja anayeujua mpaka.