Gereji ya Ngamiani iliyoniandalia pikipiki kwa safari ya Lushoto

Kwa miaka minne nimekuwa nikienda kazini kwa pikipiki aina ya Boxer ya cc 150, kutoka Pongwe hadi mjini Tanga na kurudi, na kwa muda wote huo niliamini kwamba chombo kinachonifikisha shuleni kila asubuhi bila kuzima njiani kinaweza vilevile kunifikisha Lushoto. Nilipoamua kwenda kumwona mama yangu mdogo huko milimani, safari ya zaidi ya kilomita 150 kupitia Muheza, Segera, Korogwe na Mombo, mwalimu mwenzangu alinizuia, akanitaka kwanza niipeleke pikipiki kwa fundi wake wa Ngamiani. Gereji hiyo haina kibao, na fundi mwenyewe aliniomba nisimtaje jina, lakini ukiuliza kwenye zile barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba juu ya fundi wa pikipiki anayefanya kazi chini ya mwarobaini, utaonyeshwa. Ninaandika kwa sababu kazi yake inastahili kujulikana, na pia kwa sababu lipo jambo moja pale ambalo linanisikitisha.

Tofauti yake na mafundi wengine niliowahi kuwaendea ilionekana tangu dakika za mwanzo. Hakuniuliza pikipiki inaumwa nini. Aliniuliza ninakwenda wapi, nitampakia nani, nitabeba mzigo wa kilo ngapi na nitarudi siku hiyo hiyo au la. Kisha akaisimamisha kwa stendi kubwa, akachukua spana ndogo na kuanza kugonga spoki za gurudumu la nyuma moja baada ya nyingine. Spoki iliyokazwa sawasawa hulia kwa sauti kali, na iliyolegea hutoa sauti butu. Tatu zilitoa sauti butu. Aliniita nisogee, akanipa spana na kusema, "Mwalimu, gonga mwenyewe usikie, maana ukiwa Mombo mimi sitakuwepo." Hivyo ndivyo alivyofanya kazi yote, akinishikisha kila kitu kabla hajakirekebisha, na kwa maoni yangu hilo lina thamani kubwa kuliko spea yoyote aliyonifungia.

Alikaa muda mrefu zaidi kwenye mnyororo. Gereji niliyokuwa nikiitumia zamani ilikuwa na desturi ya kuukaza mpaka unanyooka kama waya wa kuanikia nguo, nami nilidhani hiyo ndiyo kazi nzuri. Fundi huyu alinieleza kwamba mtu anapoketi juu ya pikipiki, na zaidi akiwa na abiria, gurudumu la nyuma hupanda na mnyororo hujikaza zaidi, kwa hiyo usipoachiwa nafasi ya kucheza unavuta beringi ya shafti ya giyaboksi na kuimaliza kabla ya wakati wake. Kwa pikipiki yangu alitaka mnyororo ucheze kati ya milimita 20 na 30, ukipimwa katikati ya sehemu ya chini. Hakupima mahali pamoja. Alilizungusha gurudumu na kupima mara nne, kwa sababu mnyororo hauchakai kwa usawa, na ule wangu ulikuwa umekaza upande mmoja na kulegea upande wa pili. Meno ya sproketi ya nyuma, yaani duara la meno linalozungushwa na mnyororo, nayo yalikuwa yamelala upande mmoja. Vyote vikabadilishwa kwa pamoja, mnyororo na sproketi zote mbili, kwani mnyororo mpya juu ya meno yaliyokwisha huharibika upesi. Alipomaliza alihakikisha kwamba alama za marekebisho za pande zote mbili za ekseli ya nyuma zinalingana, ili gurudumu lisikae upande.

Hapo hapo alinikataza kuupaka mnyororo oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, jambo ambalo nimelifanya miaka yote na ambalo karibu kila mwendesha bodaboda ninayemjua hulifanya. Oili hiyo imebeba masizi na chembe za chuma, na ikichanganyika na mchanga wa barabara zetu huusaga mnyororo kama msasa. Yeye huusafisha kwa mafuta ya taa na brashi, huufuta kwa kitambaa, kisha huudondoshea oili nzito ya giya iliyo safi. Sisi tunaoishi kando ya bahari tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu, kwa kuwa hewa ya chumvi hushika spoki, rimu na vichwa vya nyaya hata kama pikipiki haijapita ufukweni. Ushauri wake ni kuiosha kwa maji baridi ya bomba baada ya kutoka Raskazone au Pangani na kuupaka mnyororo mafuta pikipiki ikishakauka.

Breki za Boxer yangu ni za ngoma, mbele na nyuma, yaani breki shuu hutanuka na kusugua ndani ya ngoma iliyo katikati ya gurudumu. Breki shuu za nyuma zilikuwa zimebaki nyembamba sana, ingawa kwa mwendo wa mjini sikuwahi kuona tatizo lolote. Fundi alitumia maneno machache kunieleza hatari ya mteremko kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo: ukishikilia breki ya ngoma mfululizo, inapata joto, ngoma inatanuka na kujitenga na breki shuu, msuguano unapungua, na kanyagio linazama bila pikipiki kupunguza mwendo. Dawa yake ni kuteremka kwa giya ya pili au ya tatu ili injini ndiyo izuie, na kutumia breki kwa vipindi vifupi kabla ya kona, wala si ndani ya kona. Kuteremka ukiwa umetoa giya kwa nia ya kuokoa petroli, alisema, ni kuiacha pikipiki ijichukulie mwendo inaoutaka. Nilifuata maelekezo hayo hatua kwa hatua wakati wa kurudi, na nilipofika Mombo niligusa ngoma ya nyuma kwa ncha ya kidole nikakuta ina joto la kawaida tu.

Kuhusu tairi, alinifundisha kusoma tarakimu nne za mwisho zinazofuata herufi DOT ubavuni, mbili za kwanza zikiwa wiki na mbili za pili zikiwa mwaka wa kutengenezwa. Tairi yangu ya mbele ilisomeka 0917, yaani wiki ya 9 ya mwaka 2017, na ijapokuwa kashata zake, yaani vinundu vinavyoshika barabara, zilikuwa bado ndefu, mpira ulikwisha kupasuka nyufa ndogondogo ubavuni. Yeye hauzi tairi. Alinielekeza dukani na kunisisitiza nisome tarakimu kabla sijatoa fedha. Nilimshukuru kwa uaminifu huo, kwa sababu angeweza kunitafutia tairi yoyote na kuongeza faida yake. Aliijaza upepo wa psi 25 mbele na 28 nyuma ikiwa baridi, akaniambia niongeze ya nyuma hadi 32 iwapo nitampakia mtu.

Kulikuwa na mambo mengine madogo: oili ya injini, kebo ya klachi iliyoanza kukatika nyuzi, na swichi ya kanyagio la breki iliyokuwa haiwashi taa ya nyuma. Hili la swichi lilinitia hofu nilipolifikiria baadaye, kwani kati ya Segera na Mombo barabara ni ya mabasi ya mikoani na malori mazito, na dereva aliye nyuma yako hana njia nyingine ya kujua kwamba unapunguza mwendo. Katika barabara hiyo pikipiki ilitulia. Lori linapokupita, upepo wake kwanza hukusukuma pembeni na kisha hukuvuta kuelekea kwake. Zamani usukani wangu ulikuwa ukitikisika kila nilipopitwa, lakini safari hii haukutikisika, na ninaamini ni kwa sababu aliinyanyua pikipiki mbele, akakuta beringi za usukani zimelegea, akazikaza.

Gharama yote ilikuwa shilingi 79,000, ambamo 20,000 ni ufundi na zilizobaki ni spea na oili, mbali na tairi niliyoinunua mwenyewe kwa shilingi 55,000. Si fedha kidogo kwa mshahara wa mwalimu. Hata hivyo nilipewa spea zote za zamani nizione, na bei ya kila kipya ilitajwa kabla hakijafungwa.

Jambo linalonisikitisha ni kofia ngumu zinazouzwa kwenye meza iliyo mlangoni pa gereji hiyo hiyo. Zimetundikwa juani mchana kutwa, hazina alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, wala ile herufi E ndani ya duara inayoonyesha kiwango cha Umoja wa Mataifa, na nilipobonyeza ndani ya moja nilikuta sifongo laini iliyogandishwa moja kwa moja kwenye plastiki. Kinachokinga kichwa ni tabaka la povu gumu lililo kati ya gamba na kitambaa, ambalo hubonyea mara moja na kumeza nguvu ya pigo, ndiyo maana kofia iliyokwisha kuanguka na mtu barabarani haifai kutumiwa tena hata ikiwa haina ufa. Uchambuzi wa tafiti nyingi ulikadiria kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 kwa wanaopata ajali. Kipande cha plastiki chenye sifongo hakiwezi kutegemewa kutoa kinga hiyo. Nilimwambia fundi waziwazi. Alijibu kwamba meza si yake, ni ya kijana wa jirani ambaye yeye fundi amemwazima nafasi, na kwamba wateja wanataka za bei ndogo. Mtu anayepima mnyororo mara nne kwa ajili ya usalama wa mteja wake hapaswi kuiacha meza ile mlangoni pake, na bado ninatumaini ataiondoa.

Ukitaka kumwendea, usiende asubuhi ya siku ya safari. Tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa kwenye vali za injini, hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa, naye hakubali kuigusa ikiwa bado ina joto, hivyo ipeleke jioni, ilale pale, na uifuate kesho yake kabla ya adhuhuri. Siku ya Ijumaa hufunga saa sita na kufungua tena baada ya sala.