Kondakta aliyemhamishia mwanangu siti ya nyuma kabisa

Kwa msafiri aliye peke yake, huenda basi hili la Dar es Salaam hadi Iringa likafaa, kwa kuwa liliondoka kwa wakati na lilikuwa safi. Mimi nilisafiri na binti yangu wa miaka minne, ambaye hutapika kila gari linapoanza kukata kona, na kwa mzazi wa mtoto wa namna hiyo sina jema la kusema.

Nilikata tiketi mapema za siti za nyuma ya dereva, nikaeleza na sababu: mtoto akiiona barabara ya mbele, macho yake hukubaliana na mwendo ambao sikio la ndani linauhisi, lakini akikaa nyuma, ambako basi huyumba zaidi na hakuna cha kutazama ila migongo ya siti, kichefuchefu humpanda. Walinikubalia. Siku ya safari tulikuta siti zetu zimekaliwa, na nilipoonyesha tiketi kondakta alinijibu mbele ya abiria wote, "Mama, mtoto wa kutapika hasafirishwi," akatusukumia siti ya mwisho.

Watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio wanaosumbuliwa zaidi na hali hii, na mabasi ya likizo hujaa watoto hao. Kondakta anayewaona kuwa ni uchafu hafai kazi hiyo. Nilikuwa nimempa mwanangu chakula chepesi na dawa aliyopimiwa na mfamasia kwa umri wake, wala hakushika simu, lakini kona za mlima Kitonga hazivumiliki kwa mtoto aliyeketi nyuma. Nilipoomba mfuko, kondakta aliniambia kuwa Serikali imepiga marufuku mifuko, kana kwamba katazo la Juni 2019, lililohusu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, linamzuia kuweka hata ndoo garini. Mwanangu alitapikia kanga yangu huku akilia na kuniomba msamaha, na hilo ndilo lililonichoma.

Dereva ni mtu mwingine kabisa. Alipopata habari tulipofika Ilula, alisimamisha gari, akamletea mtoto maji na kuamuru turudishiwe siti zetu, na kutoka hapo hadi Iringa mjini hakutapika tena. Kwa ajili ya dereva huyo nilikuwa tayari kuwasamehe wote. Lakini kama siti zile ziliweza kupatikana Ilula, kwa nini zisipatikane Dar es Salaam asubuhi? Nauli wabaki nayo. Ninachodai ni kondakta yule amwombe mwanangu radhi.