Tulilipia nafasi nne za maegesho, tukawekewa koni nane

Nimesimamia uzalishaji wa filamu fupi na matangazo jijini Nairobi kwa muda wa kutosha kujua kwamba kamera haiwezi kufanya kazi mahali ambapo lori halina pa kusimama. Ndiyo sababu safari hii nilikubali kumlipa wakala, ambaye jina lake sitalitaja kwa kuwa bado tunadaiana, atushughulikie vibali vyote vya barabarani, na hasa atutengee nafasi nne za maegesho katika Mtaa wa Banda, karibu na Maktaba ya McMillan. Tulitaka ngazi za maktaba ile na sanamu zake za simba zionekane nyuma ya waigizaji wetu wawili.

Nikianza na haki yake, leseni ya kupiga filamu aliipata upesi kuliko nilivyotarajia, ikiwa imepangwa vizuri pamoja na muhtasari wa hadithi na orodha ya wafanyakazi. Kwa kazi hiyo peke yake ningempa nyota nne bila kusita. Nilikuwa hata nimemsifu kwa wenzangu.

Siku ya kazi ilikuwa Ijumaa, kabla mvua za masika hazijaanza. Siku hiyo aliichagua yeye. Kila anayepita sehemu ile anajua kwamba Ijumaa adhuhuri waumini wa Msikiti wa Jamia hujaa mpaka barabarani, na mtu mwenye adabu hawezi kuwasha jenereta pale watu wanaposwali. Nilipomweleza hivyo, alinihakikishia kwamba tukianza saa kumi na mbili alfajiri tutakuwa tumepakia vyombo na kuondoka kabla ya saa tano na nusu. Nilimwamini kwa sababu hesabu yenyewe ilikuwa sahihi, mradi tu magari yashushe vifaa bila kusumbuliwa.

Tulipofika tulikuta koni nane za rangi ya machungwa zimepangwa kandokando ya barabara, na kijana wa wakala amesimama hapo akitupungia mkono. Nilifurahi sana. Kanta yenye jenereta na taa ilirudi nyuma polepole, dereva wetu akashusha mlango wa nyuma, na vijana wakaanza kazi. Yule kijana wa koni aliondoka baada ya nusu saa, akisema kwamba anakwenda kunywa chai.

Mnamo saa mbili nilisikia chuma kikigonga chuma. Nilipogeuka, gurudumu la mbele la kanta lilikuwa limeshafungwa mnyororo, na mhudumu wa maegesho alikuwa amepiga magoti akikaza kufuli. Stendi mbili za taa zilikuwa chini, ya tatu ilikuwa nusu ndani na nusu nje, mguu wake mmoja ukining'inia juu ya lami, na kijana aliyeishika hakujua aishushe au airudishe. Nakiri kwamba nilimwendea mhudumu yule kwa hasira ambayo hakustahili. Nilimnyoshea leseni yetu karibu na uso, nikamwambia kwamba tumelipa na tumeruhusiwa.

Aliisoma yote, kisha akanirudishia kwa mikono miwili. "Mama, karatasi hii ni ya kamera," aliniambia. "Haisemi lolote kuhusu gari. Na hizi koni ni za nani?"

Akanionyesha simu yake ya kazi, akaandika nambari ya usajili ya kanta, kisha ya magari yetu mengine matatu, moja baada ya nyingine, huku nikitazama. Hakuna hata moja iliyokuwa imelipiwa. Hakukuwa na barua ya kutenga nafasi, wala ada ya kawaida ya siku, ambayo kwa gari dogo katikati ya mji ni shilingi 300 na mtu huilipa kwa simu akiwa ameketi ndani ya gari lake. Wakala alikuwa ametutoza fedha za nafasi nne, kisha akaleta koni.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu, na nalieleza kwa urefu kwa sababu najua wenzangu wengi wanalirudia. Leseni ya filamu hutolewa chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na inahusu kile kinachopigwa picha. Barabara ni ya kaunti. Maegesho nayo huhesabiwa kwa nambari ya gari, na lori linaloshusha taa halina tofauti na lori lililoachwa hapo tangu jana, isipokuwa kama kuna kibali kilichoandikwa kinachotaja mtaa, saa na nambari za magari. Nilikuwa nikidhani karatasi moja inabeba mengine yote. Wakala, ambaye hiyo ndiyo kazi yake, hakuwa na haki ya kudhani hivyo.

Nilimpigia simu mara tano. Alipopokea, nilimweleza kwa utulivu kwamba gari limefungwa na kwamba watu kumi na wanne wamesimama bila kazi. Akajibu, "Mama, hayo ni mambo ya dereva wako, mimi nilileta koni," kisha akakata. Sijapata kuzungumziwa hivyo na mtu niliyemlipa. Dereva wetu, mzee anayeendesha malori tangu kabla sijaanza kazi hii, alikuwa kando yangu na alisikia kila neno. Aliinamisha kichwa kama kwamba kosa ni lake.

Nililipa faini na ada za magari yote manne papo hapo. Mhudumu alituruhusu kuendelea kushusha vifaa kwa mikono, lakini wenye ufunguo walifika saa nne na nusu, na kanta haikuweza kusogezwa mahali jenereta ilipohitajika. Kati ya maonyesho matatu tulipiga moja. Kufikia saa sita barabara ilianza kujaa, nasi tukakunja nyaya na kuondoka, kwa heshima ya waliokuwa wakifika kuswali.

Nilipoanza kuandika haya nilikusudia kumpa wakala nyota mbili, kwa ajili ya leseni ile, na kwa sababu mtu hukosea. Nilidhani pia kwamba mwenye kazi ndogo ya nyaraka peke yake bado angeweza kumtumia. Kisha leo asubuhi nimepokea fedha kutoka kwake pamoja na ujumbe. Amerudisha malipo ya nafasi moja, ya kanta iliyofungwa mnyororo, akieleza kwamba magari mengine matatu "hayakusumbuliwa". Hayakusumbuliwa kwa sababu nililipa mimi. Naziondoa nyota zote mbili, ile ya leseni ikiwemo, na nimemwandikia kwamba koni zake nane ziko ofisini kwetu na atazichukua siku atakapoleta fedha za nafasi tatu zilizobaki.