Doti za rangi kwenye aironi za PING: nzuri kwa kuanzia, lakini usiishie hapo

Nyuma ya kichwa cha aironi (fimbo ya gofu yenye kichwa chembamba cha chuma) ya kampuni ya PING kuna doti ndogo ya rangi. Wengi huidhania pambo, na wauzaji wa fimbo za mitumba mara nyingi hawaitaji kabisa. Ukweli ni kwamba doti hiyo, inayoonyesha ulalo wa fimbo, ndiyo habari muhimu kuliko zote juu ya seti nzima, na mfumo wake ni kati ya vitu bora vilivyowahi kufanyiwa mchezaji gofu wa kawaida.

Simamisha aironi namba 7 sakafuni, soli (upande wa chini wa kichwa) yote iguse chini. Pembe inayopatikana kati ya shafti (mti wa fimbo) na sakafu ndiyo ulalo wa fimbo: ikiwa kubwa fimbo imesimama, ikiwa ndogo imelala. Kwa namba 7 za kampuni nyingi ni digrii 62 hadi 63, na kila fimbo inayofuata kwa ufupi huongezeka karibu nusu digrii. Ila neno "kawaida" halina kipimo kimoja: ya kampuni hii huweza kupishana na ya kampuni ile kwa digrii nzima. Ukichanganya aironi za kampuni mbili kwenye begi moja, usishangae fimbo mbili zinazofuatana zikipeleka mpira pande tofauti.

Kwa anayecheza mkono wa kulia, fimbo iliyosimama kupita kiasi hupiga ncha (mwisho wa kichwa ulio mbali na shafti) ikiwa juu, na uso wake unaogonga mpira huelekea kushoto. Iliyolala kupita kiasi huinua kisigino (upande wa kichwa ulio karibu na shafti) na kuelekea kulia. Kadiri lofti (pembe ya uso kulala nyuma, inayopaisha mpira) inavyokuwa kubwa ndivyo kosa linavyouma zaidi. Kosa la digrii 2 kwenye namba 7 yenye lofti ya digrii 33 hugeuza uso kwa digrii 1.3 hivi, yaani zaidi ya mita 3 kwa umbali wa mita 140. Kwenye weji (fimbo fupi yenye lofti kubwa) ya digrii 46, kosa hilohilo hugeuza uso kwa digrii 2 kamili, na kwa mita 100 tu umekosa kwa mita 3 na nusu. Kwenye namba 4 ni chini ya digrii moja. Ndiyo maana mtu anayepiga aironi ndefu vizuri halafu weji zote zikaenda kushoto apimwe ulalo kabla hajaambiwa abadilishe mikono yake.

Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norwei, alianzisha PING nchini Marekani mwaka 1959, na chati ya rangi ikatoka mwaka 1972. Nyeusi ndiyo ya kati. Bluu, kijani na nyeupe husimama zaidi kwa hatua. Nyekundu na chungwa hulala zaidi. Hatua moja ni robo tatu ya digrii au digrii moja kutegemea chati ya wakati gani, kwa hiyo kijani ya seti ya zamani si lazima ilingane na kijani ya leo.

Chati inataka vipimo viwili tu: urefu wako, na umbali kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni. Vaa viatu, simama wima, acha mikono ining'inie bila kuinyoosha, na mtu mwingine ndiye apime, kwa sababu ukiinama kujipimia bega linashuka na kipimo kinaharibika. Kipimo cha pili ndicho chenye akili. Watu wawili wenye sentimita 178 kila mmoja, mmoja mikono mirefu na mwingine mifupi, hawastahili doti moja.

Udhaifu wa chati ni kwamba inapima mtu aliyetulia. Wakati wa kupiga, mikono hupanda kuliko ilivyokuwa ukisimama juu ya mpira, na shafti hupinda kiasi cha kushusha ncha. Hilo halionekani kwa futi ya kupimia. Fundi anayekupa doti kwa chati pekee amefanya nusu ya kazi.

Nusu ya pili ni rahisi na haina gharama. Chora mstari mnene kwenye mpira kwa kalamu ya ubao mweupe. Weka mpira mstari ukiwa wima kabisa, upande unaotazama uso wa fimbo, kisha upige kwenye nyasi. Alama itabaki usoni. Ikisimama wima, ulalo ni sahihi. Juu yake ikiegemea ncha, fimbo imesimama mno. Ikiegemea kisigino, imelala mno. Piga mipira mitano au sita, usihesabu pigo ambalo fimbo iligonga ardhi kabla ya mpira, kisha rudia kwa weji na kwa aironi ndefu. Kupiga mpira juu ya ubao wa plastiki, soli ikiwa imebandikwa utepe wa kuonyesha ilipogusa, nako hutumika, ila wengi huinua mikono wakiuogopa ubao huo na majibu yanapotoka. Usihukumu kwa njia ya mpira peke yake, maana uso uliofungwa, yaani uliogeuzwa kushoto na mikono, nao hupeleka kushoto.

Kwa mnunuzi wa mitumba, iwe Nairobi au Dar es Salaam, doti ni faida kubwa, lakini rangi hupakwa upya na vichwa hukunjwa shingoni kubadili ulalo. Angalia namba iliyochorwa shingoni: iwe ileile kwa aironi zote, na kwa namba hiyo PING wanaweza kueleza seti ilitengenezwa vipi. Kisha seti ipelekwe kwenye mashine ya kupimia ulalo. Vichwa vya kumiminwa vya chuma cha 17-4 (aina ya chuma kisichoshika kutu), kama vya modeli ya PING G430, ni vigumu kukunja. Fundi mwangalifu hapendi kuvuka digrii 2. Vya chuma laini cha kufuliwa hukunjika kirahisi zaidi, ila navyo huhama vyenyewe kwa matumizi, vipimwe kila mwaka.

Tunaupa mfumo huu nyota 4 kati ya 5. Nyota moja imepungua kwa sababu ya hatua zilizobadilika bila rangi kubadilika. Ukirefusha shafti kwa nusu inchi, hesabu kama umesimamisha fimbo kwa digrii moja hivi, na rudia jaribio la mstari kabla ya kubandika gripu (mpini wa kushikia) mpya.