Uzoefu wangu na fiziotherapia ya mgongo Dar: kijana wa ofisini anapata nini kwa pesa yake

Huduma ninayoizungumzia ni fiziotherapia ya mgongo, yaani tiba ya mazoezi na mikono, kwenye kliniki binafsi maeneo ya Mikocheni. Nililipa mwenyewe, hakuna aliyeniomba niisifie, na jina lake silitaji kwa sababu nina mazuri na mabaya ya kusema. Kwa kifupi, inafaa, hasa kwa mwanaume kijana anayeshinda mbele ya kompyuta. Ila kilichonisaidia mimi sicho walichotaka kuniuzia pale mapokezi.

Nina miaka 32, ni mhasibu, ofisi yetu iko Posta na naishi Mbezi. Asubuhi nakaa kwenye gari, foleni ya Barabara ya Morogoro ikishika nakaa zaidi. Ofisini nakaa. Mchana chakula kinaletwa mezani, bado nimekaa. Jioni foleni tena, na usiku Simba au Yanga ikicheza niko kwenye benchi la kibanda umiza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, na anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Lakini ukifika wakati wa kufunga hesabu za mwezi, hiyo saa moja watu wanaimalizia kwenye viti vyao hivyohivyo. Maumivu yangu yalianzia chini ya kiuno upande wa kulia, yakawa yanashuka hadi kwenye tako, na nikitaka kusimama baada ya kukaa muda mrefu ilibidi nishike meza kwanza.

Kabla ya kuieleza kliniki yenyewe, kuna jambo linalowachelewesha vijana wa kiume kutafuta tiba na lazima nilitaje. Mtaani kwetu mwanaume akisema kiuno kinamuuma, anaambiwa ni ngiri, au anaulizwa kama nguvu za kiume zipo. Nguzo za umeme zimebandikwa matangazo yanayoyaweka mambo hayo matatu kwenye karatasi moja, na namba ya simu chini. Kijana anasoma, anaingiwa na hofu, ananyamaza. Wengine wananunua unga wa mizizi kimyakimya na hata mke hajui. Ngiri ipo kweli: ni utumbo au nyama ya ndani kusukumwa nje kupitia sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo, na inashughulikiwa na daktari wa upasuaji. Kiuno kinachouma kwa sababu ya kukaa siku nzima ni jambo jingine kabisa. Ofisini kwetu tulikuwa vijana kadhaa wenye shida ileile na kila mmoja alidhani yuko peke yake, hadi mwenzetu mmoja alipothubutu kusema. Inaniuma kuona watu wa rika langu wanateseka miezi kwa sababu ya aibu ambayo haina msingi.

Sasa kliniki. Aliyenihudumia ni dada wa umri wangu tu. Mimi nilimwita dokta, yeye akaniita kaka. Sehemu kubwa ya kikao cha kwanza aliitumia kuuliza. Je, mkojo au haja kubwa inatoka bila kujizuia? Ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani? Mguu umepoteza nguvu? Homa, jasho la usiku, kupungua uzito? Hayo ya mwisho aliyauliza kwa sababu kifua kikuu hakikai kwenye mapafu peke yake, kinaweza kushambulia pingili za mgongo, na kwa nchi yetu hilo si swali la kupuuza. Akauliza pia kama naamka asubuhi nimekakamaa kwa zaidi ya nusu saa, na kama maumivu yanapungua nikitembea na kuzidi nikilala. Kuna ugonjwa wa uvimbe wa viungo vya uti wa mgongo unaoanza kabla ya miaka 45, unaowapata wanaume wengi, na ambao mtu anaweza kuulaumu kiti miaka kadhaa kumbe kiti hakihusiki. Mimi sikuwa na dalili hizo. Kama ningekuwa nazo, alisema, asingenigusa mpaka nimwone daktari hospitalini. Kwa hapo tu nilimwamini.

Nilikuwa na majibu ya MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili, niliyopiga kwingine, yameandikwa kwamba diski ya chini, yaani gegedu laini lililo kati ya pingili na pingili, imetokeza kidogo. Niliyabeba kwenye bahasha kama mtu aliyebeba hukumu yake. Aliyasoma, akanieleza kwamba diski kutokeza huonekana hata kwa watu wasio na maumivu yoyote. Nilirudi nyumbani nikatafuta: uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba kwa watu wa miaka 20 wasioumwa mgongo, takriban asilimia 30 walikuwa na diski iliyotokeza, na asilimia 37 diski zilizoanza kuchakaa. Shirika la Afya Duniani nalo linasema kama asilimia 90 ya maumivu ya mgongo wa chini hayana ugonjwa mmoja unaoweza kuonyeshwa kwa kidole. Sisemi MRI haina kazi. Ila kijana asiye na dalili za hatari asianze kujihesabu mgonjwa wa kudumu kwa sababu ya mstari mmoja wa ripoti.

Basi kukaa kunaumiza vipi? Alivyonieleza ni hivi. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa yake ya damu. Lishe yake inapenya kutoka kwenye pingili jirani, na mwendo wa mwili husaidia. Ukiganda mkao mmoja kwa saa nyingi, misuli ya mgongo inashikilia mzigo uleule bila kupokezana, ya mbele ya nyonga inakaa imejikunja, na ya makalio haifanyi kazi yoyote. Laputopu inaongeza shida kwa sababu skrini na kibodi vimeshikana: ukiiweka chini shingo inainama na mgongo unafuata, ukiipandisha mikono inaning'inia. Na kuna hili la kwetu wanaume, pochi nene mfuko wa nyuma. Unaikalia, nyonga inaegemea upande mmoja, na tako linabanwa pale unapopita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Yangu ilikuwa mfuko wa kulia. Nimeihamishia mbele.

Hata hivyo hakunidanganya kwamba kukaa ndiyo sababu pekee. Miaka ya 1960 Alf Nachemson wa Sweden alipima mgandamizo ndani ya diski akakuta ni mkubwa mtu akikaa kuliko akisimama. Mwaka 1999 Wilke na wenzake Ujerumani wakapima tena, na mtu aliyekaa kwa kujiachia hakuwa na mgandamizo uliozidi wa aliyesimama. Kwa hiyo hakuna mkao mtakatifu. Tabu ni kuganda, mwili uliozoea kutofanya kazi, usingizi mbovu na presha za kazini, vyote vikikutana kwenye kiuno kimoja.

Upande ambao sikuupenda: mapokezi walinisukumia mkanda wa kiuno kabla hata sijaonwa, na baadaye kifurushi cha vikao vya mashine ya umeme. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini, na katika vitu lisivyovipendekeza kwa matumizi ya kawaida imo mikanda ya kiuno, pamoja na kuvutwa mgongo kwa mashine. Linavyovipendekeza ni kama elimu na mazoezi. Masaji na baadhi ya dawa za maumivu pia zimo. Dada alipoulizwa mbele yangu alisema wazi kwamba mimi mkanda siuhitaji. Sasa kwa nini unauzwa mapokezi kwa kila anayeingia? Hilo walirekebishe. Na diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya duka la dawa, ni ya siku chache, si ya kumeza kama pipi kila ukirudi kazini. Inaweza kuchoma tumbo na kuumiza figo.

Mazoezi ndiyo niliyoyalipia kwa furaha. Kulala chali na kunyanyua kiuno. Kupiga magoti na viganja, kisha kunyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto bila kiuno kuyumba. Kulala ubavu ukijiinua kwa kiwiko. Halafu akaniletea ndoo ya maji, akanifundisha kuiinua kwa kurudisha makalio nyuma badala ya kukunja mgongo, na kila mara niliporudi aliongeza maji. Wengi hudhani fiziotherapia ni kukandwa ukiwa umelala. Alinikanda kidogo tu siku za mwanzo, maumivu yakishuka tuanze kazi. Ukienda kliniki wakakukanda mwezi mzima bila kukufundisha zoezi hata moja, tafuta nyingine.

Mezani nilibadilisha vichache. Laputopu iko juu ya rimu za karatasi, kibodi ya nje iko chini, na fundi wa Keko alinitengenezea kibao cha kuegemeza miguu. Simu zote napokea nimesimama. Chupa yangu ya maji ni ndogo makusudi ili niende kuijaza.

Matokeo: ganzi sijawahi kuwa nayo, maumivu ya tako yameisha, kiuno bado kinakumbusha mwisho wa mwezi lakini nasimama bila kushika meza. Kikao ni shilingi 35,000, na bima yangu ililipa baadhi tu, kwa hiyo pigia simu bima yako kabla hujaanza. Saa zao haziwafai waajiriwa: jioni wanafunga mapema, na Jumamosi foleni ni ndefu hata ukiwa na miadi. Omba nafasi ya kwanza ya asubuhi, na usiende na suruali ya kitambaa ya ofisini. Vaa bukta au traki, kwa sababu utapiga magoti.