Kuchimba asili ya neno "Reich" kwa kamusi ya DWDS

Anayesoma habari za Abushiri hukutana na Hermann Wissmann, aliyetumwa pwani yetu mwaka 1889 kwa cheo cha Reichskommissar, yaani kamishna wa dola (Reich) ya Ujerumani. Kwa kulifuatilia hilo Reich hadi kwenye mizizi, hakuna kamusi ya bure ya mtandaoni tunayoipendekeza kuliko DWDS, ya Akademia ya Sayansi ya Berlin-Brandenburg. Kusoma asili ya maneno hakuhitaji kujisajili.

Fungua dwds.de, uandike Reich, kisha uchague nomino. Ukiangukia reich kwa herufi ndogo, hicho ni kivumishi chenye maana ya "tajiri": ni ndugu wa damu, lakini si neno lenyewe. Shuka hadi sehemu ya Etymologie (asili ya neno), ambayo ni kazi ya Wolfgang Pfeifer iliyochapwa mara ya kwanza 1989. Wengi hukwama hapa, maana aya imesongamana vifupisho. Anza na hivi: mhd. na ahd. ni Kijerumani cha Juu cha Kati na cha Kale, got. ni Kigothi, ie. ni Kiindo-Ulaya. Kinyota mbele ya neno huonyesha umbo lililoundwa upya na wanaisimu, halimo katika maandishi yoyote. Usilinukuu kana kwamba liliandikwa.

Utamu uko kwenye irabu. Ahd. lina rīhhi, Kigothi reiki (ei husomwa ī), na Kilatini rēx, "mfalme", lenye shina rēg-. Mstari juu ya irabu huonyesha kuwa ni ndefu. Ē ya kale iligeuka ī katika Kikelti, si katika Kijerumaniki, yaani lugha mama ya Kijerumani na Kigothi. Ndiyo maana majina ya Wagauli, Wakelti wa Ufaransa ya kale, kama Vercingetorix huishia -rix. Kwa hiyo neno hili la dola lilikopwa kwa Wakelti. Tena lilikopwa mapema, kabla g (ile ya rēg-) haijawa k katika Kijerumaniki, kwani k hiyo tunaiona katika reiki.

Upungufu upo. Maelezo yote ni ya Kijerumani, na hoja hiyo ya irabu hutaikuta imefafanuliwa hatua kwa hatua. Sharti uje na ujuzi kidogo wa fonolojia. Mchoro wa matumizi ya neno tangu 1600 nao usomwe kwa tahadhari: Reichstag (bunge) na Reichskommissar ni vidahizo vingine, yaani maneno yenye maingizo yao katika kamusi, basi vitafute peke yake. Ukihamia kamusi kubwa ya Kijerumani ya ndugu Grimm, usishangae kuona nomino zimeandikwa kwa herufi ndogo. Huo ndio mtindo wao.