Swords to Plowshares: kadi ya mana moja inayomlipa adui fidia

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Mniwie radhi kwa kelele za upepo. Niko barazani hapa Lamu, kaskazi imekaza, na hizi kadi nimezikandamiza kwa vikombe vya kahawa. Msinicheke.

Leo ni kadi moja tu ya Magic: The Gathering, mchezo wa kadi wa kupigana kwa viumbe na uchawi. Hii hapa, ngoja niisogeze muione. Swords to Plowshares. Imo tangu toleo la kwanza kabisa la mchezo, mwaka 1993. Jina lake ni yale maneno ya nabii Isaya, panga zifuliwe ziwe majembe.

Kazi yake ni fupi. Unalaza kadi moja ya ardhi ikupe mana nyeupe, yaani malipo ya kuchezea kadi, unachagua kiumbe yeyote aliye mezani, anaondoka. Haendi makaburini, lile rundo la kadi zilizokufa, anafukuzwa mchezoni moja kwa moja. Na yule aliyekuwa akimmiliki wakati huo anaongezewa uhai sawa na nguvu za kiumbe huyo. Askari katupa upanga, kaenda kulima, basi lazima kuwe na mavuno.

Juzi mzee mmoja, fundi wa bao, alisimama kututazama, akaniuliza: “Mwanangu, wamuondolea mnyama wake, kisha wamlipa fidia?” Wenzangu walicheka, lakini hilo ndilo swali linalowafanya wachezaji wengi waikalie kadi hii mkononi mpaka wanapigwa. Tupige hesabu. Shivan Dragon, joka, ana nguvu 5 na anaruka. Ukimfukuza, umemlipa mpinzani 5, mara moja, yamekwisha. Ukimwacha, anakukata 5 kila zamu, nawe ulianza na 20. Mapigo manne tu. Sasa ghali ni lipi?

Ila kuna mtego, na mimi nimeukanyaga. Joka huyo, kila mana nyekundu moja anayolipiwa, nguvu zake zinapanda kwa 1 mpaka mwisho wa zamu. Nililipiga joka la mwenzangu kwa kadi hii wakati ardhi zake nyekundu sita zote zimesimama, hajazilaza. Akanitazama, akatabasamu, akazilaza zote kabla kadi yangu haijafanya kazi. Joka likafika nguvu 11, likaondoka, na yeye akaongeza uhai 11! Hesabu inafuata nguvu za kiumbe pale anapotoka, si zile zilizochapishwa kwenye kadi. Kwa hiyo subiri mtu amalize mana yake. Kadi hii ni ya papo hapo, unaweza kuitoa hata kwenye zamu yake, haraka ya nini?

Jingine: mpinzani akimtoa kiumbe huyo sadaka kabla kadi haijafika, kadi yako imepotea bure. Hapo fidia nayo haipo, angalau hilo.

Wale wasioangamizika ndio chakula chake. Darksteel Colossus, nguvu 11, hafi kwa kipigo. Lakini kufukuzwa si kuangamizwa, kwa hiyo anaondoka kama wengine. Atakayekusumbua ni kiumbe mwenye kinga dhidi ya rangi nyeupe, au yule ambaye mpinzani wake haruhusiwi kumlenga.

Na msisahau kuwa unaweza kumlenga kiumbe wako mwenyewe. Nimebaki na uhai 3, natupiwa Lightning Bolt, kadi ya radi, ambayo inakata 3 kamili. Nikamfukuza Serra Angel wangu, nguvu 4, nikafika 7, radi ikapiga, nikabaki na 4. Yule malaika nilimlilia, lakini nilikuwa bado mezani.

Kwa mtindo wa Commander, ambako kila mchezaji ana kiumbe wake mkuu, kamanda, mnaanza na uhai 40, hiyo fidia hata haisikiki. Tatizo ni kwamba kamanda akifukuzwa, mwenye kadi anaweza kumrudisha kwenye eneo lake maalumu, akamtoa tena kwa mana 2 zaidi. Umemchelewesha tu.

Ukiinunua, nasihi yangu kwa watu wa pwani: achana na zile zinazong'aa. Kwa unyevu huu wa bahari zinajikunja kama samaki mkavu, na ukichanga karata kila mtu anaijua iliko. Chukua ya kawaida, imechapishwa mara nyingi, ivalishe mfuko wake wa plastiki. Hii yangu ya kung'aa, tazameni, imeshakuwa kama jahazi.